Pampu Isiyovuta

Mtaani walimwita Ving'ora, ingawa mwenyewe hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na sauti ya chini, kitambi cha heshima na kalamu mbili mfukoni, moja ya kuandikia na nyingine ya kuwaazima watu wasiorudisha. Jina lilitoka kwenye uwanja wake. Ukisukuma lile geti la mabati ulikutana na magari ambayo mtu wa kawaida hanunui: ambulensi tatu zilizofutwa msalaba, ingawa ukisimama upande wa jua bado unauona, gari la kubebea maiti lenye mapazia ya zambarau, lori la barafu, lori lenye ngazi ya kupandia nguzo za umeme. Wakati fulani, kwa miezi minane mfululizo, palikuwa pia na basi la maktaba lenye rafu kila upande na kitabu hata kimoja hakimo.

Kuyanunua magari hayo si kazi. Mnadani hutoka kwa bei ya kutupa, maana wanaokwenda mnadani wanatafuta pikapu na teksi. Kazi ni kujua pa kuyapeleka, na hapo ndipo Ving'ora alipokuwa bingwa, tena alijijua, na ukimpa nafasi alikueleza mpaka chai yako ikapoa. Ambulensi, alisema, usihangaike kuwauzia hospitali. Hospitali wanasubiri ya msaada. Ipeleke machimboni, ambako mwenye mgodi anatakiwa na sheria awe nayo. Gari la maiti usiliuze katika mji lilikofanyia kazi, kwa sababu kila anayeliona anamkumbuka marehemu wake. Lipeleke mbali, ling'oe mapazia, litabeba maua na keki za harusi na hakuna atakayeuliza. Basi la maktaba alilichukua mtu wa viatu anayezungukia magulio, na mpaka leo zile rafu zinamfaa kuliko zilivyowafaa wasomi.

Alikuwa na imani kwamba gari lolote, hata liwe na ila gani, lina mahali ambapo ila yake haimdhuru mtu. Imani hiyo ilimlisha miaka kumi na tisa na ikamsomeshea mabinti wawili, na haikuwa imani mbaya. Nasema hivyo mapema kwa sababu habari yenyewe haimpendezi, na sitaki mtu adhani alikuwa tapeli tangu tumboni.

Gari la zimamoto alilinunua kutoka kiwanja kidogo cha ndege kilichofungwa. Lilikuwa jekundu la kung'aa na lilikuwa limetembea kilomita elfu kumi na tisa tu. Mgeni wa kazi husoma kilomita hizo akafurahi. Ving'ora alijua kwamba gari la zimamoto halichakai kwa kutembea. Linachakaa likiwa limesimama, injini ikinguruma kutwa na kuzungusha pampu. Kwa hiyo kabla hata ya kuliosha alimwita fundi wake wa pampu, mjane mmoja aliyefundishwa kazi na marehemu mumewe na ambaye maneno aliyahesabu kama misumari. Fundi alilala chini ya gari asubuhi nzima. Alipotoka alijifuta mikono.

"Inasukuma," alisema. "Lakini haivuti."

"Maana yake?"

"Maji ya tangi yanashuka yenyewe mpaka kwenye pampu, nayo inayasukuma vizuri. Ukitaka ivute maji mtoni au kisimani, haiwezi. Kasha la pampu, upande wa kuvutia, lina ufa. Linavuta hewa."

Alimwonyesha. Ulikuwa ufa mwembamba kama unywele, umejificha chini ya rangi. Kunywa soda kwa mrija uliotoboka, fundi alisema, ndiyo shida yenyewe. Kuuchomelea haisaidii. Linahitajika kasha jipya, la kuagizwa, la kusubiriwa miezi mitatu, na bei yake ingemeza nusu ya faida.

Wakati huo walikuwepo wanunuzi wawili. Wa kwanza kilikuwa kiwanda cha rangi. Pale kiwandani kila kona ina bomba nene la maji ya zimamoto, na ukilifungua maji yanatoka kwa nguvu zake yenyewe. Gari hilo lingefanya kazi pale miaka kumi bila kuombwa kuvuta tone. Yaani, kwa hesabu zake mwenyewe, Ving'ora alikwishajua kwao gari hilo ni wapi. Ila mhandisi wa kiwanda alikuja na glavu nyeupe, akagonga magurudumu kwa kiatu, akataja bei kama anayetoa sadaka, na akasema malipo ni baada ya siku tisini.

Wa pili walikuwa wafanyabiashara wa soko moja katika mji wa mbali, soko lililojengwa kando ya mto. Lilikuwa limeungua mara mbili. Wakachanga miaka minne, meza kwa meza, na sasa walikuwa wamemtuma mama yao mhazini na wazee wawili waje na fedha mkononi, theluthi moja zaidi ya zile za kiwanda.

"Mabomba hatuna," Mama Mhazini alimwambia huku akilipapasa lile gari ubavuni. "Lakini maji tunayo, mwanangu. Mto uko hatua themanini tu, na haukauki."

Hapo Ving'ora alipiga hesabu. Alhamisi ile kulikuwa na mnada wa malori mawili ya kreni, na malori ya kreni hayasubiri siku tisini. Akajiambia kwamba moto mdogo huzimwa na maji ya tangi. Akajiambia kwamba faida ya kreni ikiingia ataagiza kasha yeye mwenyewe, alipeleke, abadilishe kimyakimya kwa jina la huduma baada ya mauzo. Hilo la mwisho alilisema kwa moyo mweupe kabisa. Kasha hakuliagiza.

"Umewaambia?" fundi alimuuliza walipoondoka wageni.

"Nitawaambia siku ya kukabidhi."

Fundi akaanza kukusanya spana zake, moja moja, bila kumtazama.

Katika biashara hii siku ya kukabidhi ni siku ya kumwaga maji. Muuzaji hulipeleka gari mwenyewe, hujaza tangi, huwasha king'ora, halafu hurusha maji juu watu waone fedha yao ilikokwenda. Soko zima lilitoka. Maji yalipaa juu ya mapaa, watoto wakaloa wakacheka, wazee wakapiga makofi kama walioona mvua. Ving'ora alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni, na siku hiyo aliyatumia yote.

Dereva waliyemchagua kwa kura alikuwa mwembamba, zamani akiendesha lori la maji safi. Alivaa koti lililopigwa pasi mpaka linakaribia kukata, na alikuwa na daftari. Kila alichoambiwa alikiandika: koki hii kwanza, ule mkono wa manjano baadaye, hesabu mpaka thelathini. Wakati watu wanaanza kutawanyika ndipo alipouliza, kwa adabu:

"Na kuvuta mtoni, mzee? Tujaribu kabla hujaondoka?"

Ving'ora alitazama mto. Juzi yake mvua ilikuwa imenyesha na maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa.

"Leo una matope," alisema. "Na matope ni sumu ya pampu hii. Usiuchezee mto bila sababu, utaniharibia gari."

Jibu lilikuja lenyewe, laini, wala hakulitafuta. Dereva akaandika: matope ni sumu. Akapiga mstari chini yake.

Moto ulikuja mwezi wa saba baada ya hapo, saa nne asubuhi, ukaanzia kwa wauza magodoro. Ving'ora alisikia habari kwa kinyozi, redio ikisema safu mbili zimeteketea, hakuna aliyekufa, mama mmoja ameungua viganja akiokoa mali yake. Kinyozi akamwambia atulie kichwa, anatikisika.

Siku zile za kwanza alisubiri simu. Majibu alikuwa ameyapanga yote: gari mliliona, maji mliyaona, mliweka sahihi, kitu kilichotumika ni kitu kilichotumika. Aliyafanyia mazoezi bafuni. Wiki ikapita, mbili, sita. Hakuna aliyepiga. Ungedhani mtu angeshukuru.

"Hawajakupigia?" mkewe alimuuliza. Mkewe alijua, kwa sababu mambo ya namna hii mtu huyasema usingizini.

"Hawajapiga."

"Sasa mbona huli, baba?"

Lawama alikuwa amejiandaa nayo. Kimya hakukijulia, na katika kimya hicho aliuona ule ufa kila mahali, kwenye kikombe, kwenye dari, kwenye kioo cha kunyolea ndevu.

Miezi miwili baada ya moto, asubuhi, geti la mabati likagongwa. Alikuwa dereva. Ving'ora alimtambua kwa daftari, maana koti halikuwepo na mwili nao ulikuwa umepungua. Akakaza uso wake wa biashara na kuyaita majibu yake yote yaje karibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, kijana wangu. Pole kwa yaliyowakuta."

"Tumeshapoa." Dereva alikaa kwenye gurudumu aliloonyeshwa, ncha tu, kama mtu aliyeogopa kulichafua. "Sikuja kwa ubaya, mzee. Nimekuja unifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Nilipokosea."

Majibu yote yakamkimbia. Dereva alifungua daftari akasoma kwa kidole. Maji ya tangi yalitosha dakika tano. Akashusha mpira wa maji mtoni. Akafungua koki, akavuta mkono wa manjano, akahesabu mpaka thelathini. Maji hayakuja. Akafunga, akaanza upya. Mara sita alirudia, moto ukivuka kutoka safu ya kwanza kwenda ya pili, watu wakimlilia, wengine wakichota kwa ndoo.

"Sasa sokoni wananiita Dakika Tano," alisema. Alijaribu kutabasamu. "Hata watoto. Mwanangu wa kwanza hataki tena kwenda shule, wanamhesabia: moja, mbili, tatu, nne, tano. Funguo wamempa mtu mwingine. Nawaelewa. Lakini kuna jambo sijawaambia wao, nakwambia wewe kwa sababu wewe ndiye mjuzi."

Alishusha sauti. Fundi alikuwa chini ya lori la barafu, hatua chache tu kutoka pale, akilegeza nati.

"Siku ile mto ulikuwa na matope. Kabla sijashusha mpira, nikakumbuka ulivyonikanya. Nikasimama. Moto unawaka nyuma yangu, mimi nimeshika mpira naangalia maji. Labda dakika mbili. Mzee, ni zile dakika mbili? Au ni matope yaliingia? Niambie tu. Nikijua nitatulia."

Sasa ningependa kusimulia kwamba Ving'ora alisema kweli palepale. Hakusema. Ulimi wake ulikuwa umezoea njia yake, ukapita humohumo.

"Pengine matope," alisema.

Dereva alifumba macho, akatikisa kichwa polepole kwa kukubali. "Nilijua," alisema. Akaandika. Halafu akasimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, mzee. Mungu akuweke. Angalau nimejua ni mimi."

Akaondoka. Alipita kati ya ambulensi, mgongo umeinama, daftari limebanwa kwapani. Chini ya lori la barafu spana ilikuwa imenyamaza. Ving'ora alisikia aibu ikimpanda, ya moto, mpaka masikio yakawaka. Kumdhulumu mtu ni jambo moja. Kushukuriwa naye, kwa mikono miwili, alikuwa hajawahi, na hakujua aiweke wapi mikono yake mwenyewe. Dereva alikuwa ameshika komeo la geti.

"Kijana!"

Akageuka.

"Si matope." Ving'ora alilinyooshea kidole lile daftari. "Wala si dakika mbili. Pampu ina ufa. Haivuti. Haikuwahi kuvuta tangu nilipoinunua."

Dereva alirudi hatua mbili tatu. Alitazama uso wa Ving'ora, kisha daftari, lile neno aliloandika punde, kama asiyejua alifute au aliache.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ile ya kumwaga maji. Nilipokuuliza. Ulijua?"

"Siku ile nilijua."

Ving'ora alingoja ngumi, na kwa kweli aliitaka. Dereva hakurusha kitu. Alikaa chini, safari hii juu ya mchanga, si kwenye gurudumu.

"Mama mkwe wangu alikuwa na kibanda cha magodoro," alisema. "Mke wangu hajanifukuza. Mimi mwenyewe ndiye ninayelala sebuleni. Naona haya kulala naye kitanda kimoja, na mama yake ameunguliwa na mali yote mbele ya macho yangu, nimeshika mpira mtupu."

"Nitaandika barua. Nitaeleza kila kitu, niweke sahihi."

"Barua watasema nimeiandika mimi. Si unaona nina daftari?" Akainuka, akajikung'uta mchanga. "Njoo uwaambie wewe, mzee. Kwa mdomo wako."

Bado alimwita mzee. Walisafiri siku hiyohiyo kwa gari la Ving'ora, saa tano za barabara, na kila mara dereva alipofungua mdomo, mzee kata kushoto, mzee kuna tuta, lile neno lilimchoma mwenziwe. Njia nzima Ving'ora alitafuta namna ya kulisema jambo lake lisikike dogo. Alifika hajaipata.

Soko lilikuwa limepata mabati mapya, ila harufu ya kuungua bado ilikuwa imekaa kwenye nguzo. Dereva aliingia kwenye chumba cha ofisi akazungumza na Mama Mhazini, kwa ufupi, kwamba aliyewauzia gari amekuja na ana neno. Nusu saa haikupita, watu wakawa wamejaa kwenye ukumbi wa soko, wengine na mizani zao mkononi. Ving'ora akawekewa kiti kizuri na chupa ya soda. Mama Mhazini alikuja kumsalimu. Hakumpa kiganja, alimpa kifundo cha mkono, kwa sababu viganja vyote viwili vilikuwa vya ngozi mpya, ya waridi, inayong'aa. Ving'ora akayakumbuka maneno ya redio, na akaelewa mama aliyetajwa alikuwa nani.

"Tulijua hutatutupa, mwanangu," alisema, akawageukia watu. "Kabla mgeni hajasema, nataka nimwombe radhi kwa niaba yetu. Alituletea gari zima, zuri, kila mtu aliona maji. Sisi tumelitumia vibaya tukaliharibu. Tunaona aibu mbele yako. Utusamehe."

Watu wakaitikia, ndiyo, utusamehe. Dereva alikuwa amesimama ukutani, macho chini. Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele alimtupia jicho kali, na kutokana na jinsi dereva alivyosinyaa Ving'ora alijua kwamba huyo ndiye mama mkwe.

Alisimama. Alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya soko ilikuwa imesakafiwa saruji. Akasema. Alisema vibaya, alianzia katikati, akarudi nyuma, akaeleza ufa, akaeleza kiwanda cha rangi na mabomba yake, na malori ya kreni, na fundi aliyemuuliza, na matope. Alipofika kwenye matope sauti ilikatika ikabidi aanze sentensi upya.

Mzee mmoja akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo kijana wetu hakukosea?"

"Hakukosea."

"Hata kitu kimoja?"

"Hata kimoja. Angefanya upesi namna gani, maji yasingekuja."

Mama mkwe akajifunika uso kwa mtandio. Kisha akainuka, akapita mbele ya watu wote mpaka ukutani, akasimama mbele ya mkwewe na kumshika kichwa. Wengine nao wakaanza kuinuka kwenda upande ule. Kwa muda mrefu hakuna hata mmoja aliyemtazama Ving'ora. Alibaki amesimama peke yake kando ya kiti kizuri, na soda yake haijafunguliwa.

"Kasha jipya nitalileta," alisema, pengine kwa Mama Mhazini, pengine kwa sakafu. "Na fundi. Kwa gharama yangu. Na vile vibanda—"

"Hayo tutayazungumza," Mama Mhazini alimkatiza. Hakumwita mwanangu. "Kwanza yaandikwe. Katibu!"

Katibu, bibi wa makamo mwenye miwani ya kamba, alifungua kitabu kikubwa cha kumbukumbu za mikutano, akatafuta ukurasa mtupu, akaandika tarehe.

"Jina lako kamili," alisema. "La hati."

Akalitaja. Katibu aliandika bila haraka.

"La baba?"

Baba yake alikuwa amekufa miaka kumi na miwili iliyopita. Katika maisha yake yote alikuwa ameuza kitu kimoja tu, baiskeli, na alimwonyesha mnunuzi mahali palipochomelewa kabla hajaulizwa. Ving'ora alilitaja jina, karibu kwa pumzi tu.

"Hatusikii huku nyuma," sauti ya mwanamke ikasema.

Katibu akainua uso, kalamu ikingoja. "Sema kwa nguvu, wasikie wote. Jina la baba yako."

Akalitaja tena jina la baba yake, kwa sauti, mbele ya soko zima, na katibu akaliandika.